Mpiga Ngoma wa Jivu

Mashavu aliitambua sauti kabla hajamwona mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, pale Segera njia zinapokutana, na mabasi ya Arusha, ya Tanga na ya Dar es Salaam yalikuwa yamesimama kwa pamoja kana kwamba yaliitana. Wauza machungwa waligombea madirisha. Mashavu alikuwa ameshuka kutoka Tanga na furushi la vitambaa, maana alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akisubiri usafiri wa Korogwe ili aunganishe kwenda kwao Chanika, Handeni. Alivaa dera la kijani alilolishona mwenyewe na ushungi mweusi uliobanwa kwa pini. Alikuwa mgahawani, chapati ya kwanza mkononi, mtu wa meza ya nyuma alipoanza kuongea kwenye simu.

"Ghafi ni jina la heshima la uvivu," mtu yule alisema. "Umeshindwa kurekodi vizuri, unajificha nyuma ya neno ghafi. Mimi nataka gitaa nisikie ni gitaa, ngoma nisikie ni ngoma. Siyo unaniwekea mvua ya mawe juu ya bati halafu unaniambia hizo ni hisia."

Mashavu aliirudisha chapati kwenye sahani.

Sauti ile alikuwa ameisikiliza mara nyingi mno. Ilikuwa kwenye simu yake, ujumbe wa sekunde thelathini na moja ambao hakuwahi kuufuta.

Mwaka mmoja na nusu uliopita, yeye na mdogo wake Ukasha walikuwa na bendi ya watu wawili waliyoiita Jivu. Walipiga blaki metali, muziki ule wa gitaa linalokwaruza, ngoma za mbio na mwimbaji anayelia kama mtu aliyefungiwa stoo. Ukasha aliugundua kwenye simu akiwa amelazwa wodini, kwa sababu alizaliwa na selimundu, na maumivu ya mifupa yalimwangusha kila baada ya miezi michache. "Dada, huu muziki unapiga kelele badala yangu," alimwambia. Alipotoka hospitali alimtafutia dada yake gitaa la kuazima, mwenyewe akajipangia madumu ya mafuta, ndoo na mfuniko wa sufuria. Walirekodi wimbo mmoja kwenye jiko la uani, simu ikiwa juu ya gunia la mahindi. Wakautuma, bila kutaja majina yao, kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa muziki huo. Kundi lile lilikuwa na watu mia na ishirini hivi, kutoka Tanga mpaka Mwanza, na kazi yao kubwa ilikuwa kubishana: muziki huu ubaki ghafi na makwaruzo yake yote, au usafishwe studio mpaka ung'ae?

Mmoja aliyejiita Fundi Sauti akawajibu kwa ujumbe wa sauti. "Huu siyo wimbo," alisema. "Mtu kaangusha masufuria kisimani. Na huyo mpiga ngoma, kama ana ndugu, wamwambie ukweli. Aache, akalime mihogo."

Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu Ukasha aliyarudisha madumu stoo. "Kasema kweli yule," alimwambia dada yake, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Hakupiga tena. Baada ya miezi minane alifariki, akiwa na miaka ishirini na miwili, na Mashavu akabaki na sekunde thelathini na moja za mtu wa kumchukia.

Sasa mtu huyo alikuwa nyuma yake, anakula wali maharage.

Mashavu aligeuka. Alimwona kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, ndevu chache zilizotunzwa vizuri, amevaa fulana nyeusi yenye maandishi meupe yaliyopindana. Kando ya kiti chake kulikuwa na spika kubwa mbili zilizofungwa kamba.

"Samahani kaka," Mashavu alisema. "Hiyo fulana imeandikwa nini? Mimi naona mizizi ya mti."

Kijana alicheka. "Ni jina la bendi, dada."

"Mbona halisomeki?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Ni mtindo wa muziki wenyewe."

"Kumbe. Mtu wa sauti safi, halafu unavaa maandishi machafu."

Kijiko cha kijana kilisimama nusu ya njia. Katika miaka yake yote ya kusafiri na spika zake kutoka harusi hadi harusi, hakuwahi kukutana na mwanamke wa kumtania juu ya jambo hilo, tena Segera, tena mwenye macho kama yale. "Wewe unausikiliza muziki huu?"

"Nausikiliza. Tena ule ghafi."

"Basi wewe ni adui yangu."

"Naam," Mashavu alisema, naye akatabasamu. "Mimi ni adui yako."

Kijana alijitambulisha kuwa anaitwa Muhidini, wa Korogwe, mtaa wa Manundu, mwenye chumba cha kurekodi kaswida na nyimbo za harusi. Mashavu alimpa jina lake la kweli, kwa kuwa jina hilo Muhidini hakulijua, na namba yake ya simu. Gari la Korogwe lilipofika, Muhidini alimbebea furushi mpaka mlangoni.

Mashavu hakuwa bado na mpango. Alitaka kwanza kujua mtu huyu anaumia wapi.

Muhidini alipiga simu siku iliyofuata, na kesho yake, na keshokutwa yake, kila saa kumi jioni Mashavu anapofunga cherehani.

"Habari ya kazi, Bi Ghafi?"

"Nzuri, Bwana Sabuni. Leo umefua wimbo wa nani?"

"Leo nimefua kaswida ya akina mama wa Mnyuzi. Imetakata. Ungeisikia ungesilimu upya."

"Umewaondolea na pumzi zao?"

"Pumzi nimewaachia kidogo."

"Kidogo. Kwa hiyo ni maiti wanaopumua kidogo."

Muhidini alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda kwa ulimi wake kabla hajajua kwamba anampenda. Na Mashavu, kila alipokata simu, aliusikiliza ule ujumbe wa zamani mara moja, makusudi, kama mtu anayenoa kisu kabla hakijaanza kuwa butu.

Mwezi wa pili wa simu hizo Mashavu alianza kwenda Korogwe siku za Jumamosi. Muhidini alimpeleka nyumbani kwao mchana kweupe, akamtambulisha kwa baba yake, mzee aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mashine ya kusaga mkonge. Mashine ile ilimla masikio. Mashavu alisema shikamoo mara tatu, ya mwisho kwa kupiga kelele, ndipo mzee akasoma midomo na kuitikia marahaba.

Studio ilikuwa chumba cha nyuma, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya magodoro.

"Nilianza na redio ya baba," Muhidini alimwambia, akipangusa kiti ili akae. "Alikuwa anaiweka sikioni anasikia mngurumo tu. Nikaifungua, nikaichezea wiki nzima, mpaka siku moja akamsikia mtangazaji anasema habari za asubuhi. Alicheka peke yake, Mashavu. Tangu siku hiyo sauti chafu siivumilii. Kwangu mimi uchafu unamfungia mtu nje ya mlango."

Mashavu aliangalia mikono yake mwenyewe. Neno hilo lilimwingia mahali ambapo hakutaka liingie. "Na kama mtu hana cha kusafishia?" aliuliza. "Kama ana simu tu na dumu?"

"Asubiri mpaka apate."

"Na kama hana muda wa kusubiri?"

Muhidini aliinua mabega. Hakuona kwamba ameulizwa swali la kweli. Na Mashavu, aliyekuwa ameanza kulainika, akawa jiwe tena.

Siku hiyo alimsikilizisha kazi yake mwenyewe. Nyimbo saba za blaki metali kuhusu mashamba ya mkonge, miaka mitatu ya kazi, kila ala amepiga yeye. Zilikuwa nzuri. Mashavu alichukia kwamba zilikuwa nzuri. Gitaa lilikuja kama upepo wa kipupwe, na juu yake sauti kali, nyoofu, isiyotetereka.

"Hii sauti ni yako?"

"Ni yangu, baada ya kuogeshwa."

"Na kabla ya kuogeshwa?"

"Hiyo hakuna binadamu aliyeisikia."

Ilimchukua Mashavu Jumamosi tatu. Alibembeleza, alinuna, alitania, akamwita laazizi kwa mara ya kwanza, naye Muhidini akalifungua faili. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Ilipasuka kama ya beberu. Alikohoa, akaanza upya, akasema "Mungu wangu, siwezi mimi." Katika wimbo wa nne, uliomhusu mama yake aliyekata mkonge mpaka akiwa na mimba ya miezi minane, alishindwa kumaliza. Alilia. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa, na kilio kile kilinaswa chote, na makamasi yake.

"Nilikuwa nimemzika mwezi ule," Muhidini alisema, akizima haraka. "Umesikia wewe tu."

Mashavu alimshika mkono, na mshiko ule haukuwa wa uongo. Hilo ndilo lililomtisha. Lakini mteja wa harusi alipopiga hodi na Muhidini akatoka kuzungumza naye uani, Mashavu alichomeka flashi yake kwenye kompyuta na kulinakili faili lote.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa shughuli pale Korogwe. Kundi lilitangaziwa. Alhamisi yake Muhidini alipiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyenyoa ndevu na kuvaa viatu vipya.

"Mashavu, nikimaliza hili la Jumamosi, nataka nije Chanika. Nizungumze na mama."

"Uzungumze naye nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Nataka kukuoa, Bi Ghafi. Nimechoka kukusindikiza kituoni."

Mashavu alikaa chini kwenye kizingiti. Mbele yake mama yake alikuwa anaanika mtama, na kuku walikuwa wanasogea wakidhani hawaonekani. Kwa dakika nzima alikuwa mwanamke anayependwa na mtu anayempenda, na hakuna kingine. Kisha akasema, "Tuongee baada ya Jumamosi," akakata, akauchezesha ule ujumbe. Akalime mihogo. Aliurudia mara nne.

Walikuja watu ishirini na wawili: vijana wa Tanga waliovaa mabuti kwenye jua lile, mwalimu mmoja kutoka Lushoto, Grasiana wa Muheza ambaye ndiye mwanamke mwingine pekee, na Mustafa, rafiki wa Muhidini wa tangu shule, aliyekaa karibu na spika. Mashavu alivaa dera jeusi lenye mkunjo mwekundu shingoni. Muhidini alimtazama mara moja akasahau alichokuwa anasema.

"Ndugu zangu," aliendelea, "mmebishana miaka mitatu. Leo nawaonyesha kwa nini usafi unashinda. Mashavu, nipe flashi hapo mezani."

Mashavu alimpa. Ila haikuwa ile ya mezani, na Muhidini aliichomeka bila kuiangalia.

Mwanzoni watu walidhani ni mzaha. Sauti ya beberu ilijaa ukumbini, spika zile kubwa zikiitoa kwa usafi wa kutisha. Kikohozi. "Mungu wangu, siwezi mimi." Mtu mmoja aliguna, wa pili akacheka, na kicheko kikaenea. Simu ziliinuliwa kurekodi. Muhidini alibonyeza, akakosea, akabonyeza tena, na wakati huo wimbo wa nne ukaanza na kilio chake kikatoka, kikubwa kuliko chumba. Mustafa alirukia waya akaung'oa.

Katika ukimya ule Mashavu alisimama.

"Kama ana ndugu," alisema, "wamwambie ukweli. Aache, akalime mihogo."

Muhidini alimwangalia. Alianza kuelewa polepole.

"Mpiga ngoma wa Jivu alikuwa anaitwa Ukasha," Mashavu alisema. "Ni mdogo wangu, na amekufa. Ulicheka na watu mia na ishirini. Mimi nimekuletea ishirini na wawili tu."

Alichukua mkoba wake akatoka. Hakukimbia.

Yasisemwe ya uongo: kisasi kilikuwa kitamu. Jioni ile alikula ugali na mlenda, akaongeza, na mama yake akashangaa. Kundi liliwaka siku tatu. Video ya kilio ilizunguka, wengine wakaweka vikaragosi vya mbuzi. Wengine wakasema hii ghafi ndiyo kazi bora ya Fundi Sauti, usafi ulimficha. Wakabishana juu ya hilo kwa kurasa na kurasa, ghafi na safi, safi na ghafi, na katika watu wote wale ni Grasiana peke yake aliyeandika kuuliza: huyo Ukasha alikufa na nini?

Swali hilo lilimfikia Mashavu akiwa uani na mama yake wanapukuchua mahindi. Akaamua kumweleza mama yote, kuanzia Segera. Alieleza kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyerudi na ushindi.

Mama aliweka gunzi chini. "Nani kakwambia Ukasha aliacha ngoma kwa ajili ya maneno ya mtu?"

"Mwenyewe, mama. Alisema 'Kasema kweli yule.'"

"Aliacha kwa sababu bega lilikuwa limeoza mfupa. Daktari alituambia mimi na yeye mwezi ule ule. Hakuweza kuinua mkono. Siku moja nilimkuta jikoni amekalia dumu, fimbo imemdondoka, hawezi kuiokota."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Dada akijua ni ugonjwa atakuwa ananitazama kwa huruma kila siku. Mwache adhani ni yule mjinga wa kwenye simu. Angalau atakuwa na mtu wa kumtukana.'" Mama alipangusa macho kwa kanga. "Nilidhani ungemtukana tu, mwanangu. Sikudhani ungemfuata."

Mashavu alikaa na punje mkononi mpaka zikalowa jasho.

Korogwe, Muhidini hakufungua studio wiki mbili. Bwana harusi mmoja alimpigia kusema amepata mtu mwingine, maana mama mkwe ameiona ile video. Mustafa alikuja kila siku na shauri lile lile.

"Una picha zake. Una sauti zake anakuita laazizi. Tupa kundini. Jicho kwa jicho, mzee."

"Nitamlipa," Muhidini alisema. "Lakini kwa kazi yangu."

Alitafuta wimbo wa Jivu. Mpango wake ulikuwa kuukata vipande na kuuchambua mbele ya kundi, kosa moja baada ya jingine, mpaka asibaki mtu wa kuuonea huruma. Aliuweka kwenye kompyuta, akavaa spika za masikioni, akaanza kuandika makosa kwenye daftari. Dakika ya kwanza, ngoma imechelewa. Dakika ya pili, imechelewa zaidi. Kisha akaacha kuandika. Akarudisha nyuma. Chini ya mkwaruzo wa gitaa kulikuwa na pumzi, fupi, ya mtu anayepumua kwa meno yaliyofungwa. Kila mkono wa kulia ulipopiga, pumzi ilikatika. Si kwamba mpigaji hakuyajua mapigo. Aliyajua yote. Mkono ndio ulikuwa unakataa, na yeye aliulazimisha, wimbo mzima, dakika sita na nusu.

Muhidini alivua spika, akatoka nje, akakaa karibu na baba yake.

Saa kumi jioni simu ililia.

"Ni mimi," Mashavu alisema. "Usikate. Nina neno kuhusu Ukasha."

"Alikuwa anaumwa bega," Muhidini alisema. "La kulia."

"Umejuaje?"

"Nimesikia. Leo ndiyo nimesikiliza. Ile siku sikusikiliza, nilisikia kelele nikacheka."

"Hakuacha kwa ajili yako. Aliniambia hivyo nisijue ugonjwa. Nimejua majuzi. Nisamehe, Muhidini."

"Hapana."

"Nakuomba."

"Hapana, Mashavu. Yeye nilimtukana bila kumjua, na hilo nitalibeba. Lakini wewe ulinijua. Ulinishika mkono huku unaniibia kilio cha mama yangu."

"Sema unachotaka nifanye."

Hasira ya Muhidini ilikuwa bado ya moto, na sasa ilikuwa imepata mlango. "Njoo Jumamosi. Umweleze baba kwa nini mwanawe hapati kazi. Umweleze wewe mwenyewe, yote."

Mashavu alikuja, amevaa baibui ya kawaida, uso haujapakwa kitu. Mzee alikuwa uani kwenye mkeka. Mashavu alipiga magoti mbele yake, akaanza kueleza kwa sauti ya chini.

"Hasikii," Muhidini alisema, amesimama mlangoni amekunja mikono. "Sema kwa nguvu."

Akaongeza sauti. Mzee akatikisa kichwa, akaweka kiganja sikioni.

"Nilimdanganya mwanao," Mashavu alipaza. Jirani aliyekuwa anafua aliacha kufua. "Nilijifanya nampenda ili nimwaibishe. Nikaiba sauti yake akimlilia mama yake, nikaiweka mbele ya watu wamcheke." Watu wawili walisimama njiani. Muhidini aliwaona, na hakuwafukuza. "Nilidhani alimvunja moyo mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa. Amekufa. Sikuwa na wa kumlaumu." Sauti ilimpasuka, akaendelea nayo hivyo hivyo ilivyopasuka. "Na nilimpenda kweli, mzee. Wakati namfanyia hayo, nilikuwa nampenda kweli."

Muhidini alikuwa ameshakunjua mikono. Alikuwa ameipata haki yake, mbele ya mashahidi, na sasa hakujua pa kuiweka.

Mzee aliendelea kuitazama midomo ya Mashavu hata alipokwisha kusema. "Huyo mdogo wako," aliuliza, "mmemzika wapi?"

"Chanika, mzee. Karibu na baba."

"Poleni sana. Mwanangu alikwenda kutoa pole?"

Mashavu alitikisa kichwa kukataa. Mzee akamgeukia Muhidini, na hakupaza sauti. "Umemsimamisha mfiwa uani kwangu apige kelele, na wewe hujatoa pole. Ingia ndani uvae kanzu."

Walikwenda Handeni siku ile ile, watatu. Pale Chanika Muhidini alimwamkia mama yake Mashavu, akaomba aonyeshwe kaburi, akasimama pale kwenye jua akasoma Fatiha, kisha akachuchumaa na kusema maneno ambayo Mashavu, aliyesimama mbali, hakuyasikia. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemwomba radhi yeye," alisema. "Wewe bado nina hasira na wewe."

"Na mimi na wewe pia. Leo umenianika mbele ya mtaa mzima."

"Nilitaka uumie."

"Nimeumia."

"Najua. Haikunisaidia kitu." Alivua kofia akaikunja mkononi. "Nikupigie kesho?"

"Piga. Nitaangalia kama nitapokea."

Hakupokea. Alipokea siku ya tatu, wakagombana saa nzima, na siku ya nne wakagombana nusu saa. Wiki ya pili alimwita Bwana Sabuni, bila kukusudia. Muhidini aliandika kundini maneno machache: kwamba alimtukana marehemu, kwamba hakusikiliza, na kwamba hajabadili imani yake juu ya sauti safi, ila ameacha kuwapangia watu wengine. Kundi likaanza kubishana hata juu ya hilo. Yeye na Mashavu walijitoa kundini siku moja.

Wazee wa posa walifika Chanika mwezi wa kumi na mbili, wanne, wakiongozwa na mzee asiyesikia, ambaye Mustafa alimshika mkono. Ndani, mama alimfuata binti yake chumbani, akafunga mlango.

"Wamekaa sebuleni. Kabla sijawajibu nataka nikusikie wewe. Unamtaka?"

"Namtaka, mama."

"Na hasira imekwisha?"

Mashavu alijitazama kwenye kioo, akavuta ushungi wa zambarau ukakaa sawa. Angeweza kudanganya, na siku kama ile hakuna ambaye angemlaumu.

"Haijaisha. Na yake haijaisha, ameniambia jana."

Mama alimtengenezea pini iliyolegea begani. "Ya kwangu na ya baba yenu haikuisha mpaka ulipozaliwa wewe," alisema. "Toka ukawasalimie wageni. Anza na mzee, na useme kwa nguvu."